Maumivu Yasiyoulizwa

Mwaka 1961, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Donald Oken aliwauliza madaktari 219 wa Hospitali ya Michael Reese, mjini Chicago, swali moja la wazi: mgonjwa akikutwa na saratani, mnamwambia? Karibu tisa katika kila kumi walijibu kwamba desturi yao ni kutomwambia. Walizungumza na mume, au mtoto mkubwa, au ndugu wa karibu. Mgonjwa mwenyewe aliambiwa ana uvimbe, ana kijinyama kimeota, ana kitu kidogo ambacho kikishatolewa mambo yatakwisha.

Oken aliwauliza pia sababu. Wengi walisema ukweli ungemkatisha mgonjwa tamaa, pengine ungemfanya hata ajidhuru. Alipochimba zaidi aligundua kwamba msimamo huo haukutokana na mambo waliyoyaona kwa macho yao wodini. Ulitokana na hisia zao wenyewe juu ya ugonjwa huu. Madaktari waliuogopa, na hofu yao wakaifanya kuwa kanuni ya kazi.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hatashangaa. Katika familia nyingi za huku majibu ya kipimo humfikia kwanza kaka mkubwa au shangazi, na daktari huvutwa pembeni akaombwa kwa sauti ya chini: “Daktari, mama tusimwambie, presha itampanda.” Ombi hilo hutoka kwenye mapenzi, na hakuna haja ya kulibeza. Lakini mgonjwa ambaye hajaambiwa hana ruhusa ya kuuliza, wala ya kulia, wala ya kupanga mambo ya wanawe. Daktari ambaye hajamwambia naye hawezi kumuuliza analalaje usiku. Afya ya akili ya wagonjwa wa saratani ilichelewa kupata wataalamu kwa sababu hiyo kuliko nyingine yoyote: huwezi kumfariji mtu juu ya jambo ambalo wote mnajifanya halipo.

Ukimya huo ni wa zamani. Tarehe 30 Septemba 1811, mjini Paris, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza Fanny Burney alikatwa titi la kulia na jopo lililoongozwa na Dominique-Jean Larrey, mpasuaji wa jeshi la Napoleon. Nusukaputi ilikuwa bado haijaanza kutumika. Alipewa kinywaji cha kumtuliza na kitambaa cha kumfunika uso, na kitambaa chenyewe kilikuwa chembamba hivi kwamba aliwaona kupitia kwacho wanaume waliozunguka kitanda, na chuma kikimeremeta. Walikuwa wameingia saba, wote wamevaa nguo nyeusi. Siku ya upasuaji alikuwa amefichwa kwa makusudi. Aliarifiwa asubuhi ya siku yenyewe. Kwa hesabu yake, kazi ilichukua dakika 20.

Burney alipona, akaishi hadi mwaka 1840. Jambo la kuangalia ni barua aliyomwandikia dada yake Esther kumsimulia. Alihitaji miezi kuikamilisha. Aliungama kwamba kwa muda mrefu hakuweza kulitaja jambo lile bila kulipitia upya, kwamba miezi tisa baadaye kichwa kilikuwa kikimuuma kwa kuliandika tu, na kwamba alichokiandika hakuthubutu kukisoma tena. Kidonda cha kifuani kilikuwa kimefunga zamani. Hakuna hata mmoja kati ya wale saba aliyekuwa na kazi ya kurudi na kumuuliza juu ya kile kingine.

Karne ya 19 iliboresha visu. Nusukaputi ilipatikana, usafi wa vyumba vya upasuaji ukaja, na mwishoni mwa karne hiyo William Halsted wa Baltimore akaeneza upasuaji mkubwa ulioondoa titi, misuli ya kifua iliyo chini yake na matezi ya kwapani. Ukawa ndio njia ya kawaida kwa zaidi ya miaka 70. Mwanamke aliamka akiwa na kifua kilichobonyea hadi mbavuni na mkono ambao huenda ungevimba maisha yake yote. Kuhusu maneno, hali ilibaki palepale: kanuni za maadili za Chama cha Madaktari wa Marekani za mwaka 1847 zilimtaka daktari asiwe mwepesi wa kutoa habari za kuvunja moyo, na wengi wa vizazi vilivyofuata walizichukua kama amri ya kunyamaza.

Mlango ulianza kufunguliwa New York baada ya Vita Vikuu vya Pili, katika Hospitali ya Memorial. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, daktari wa magonjwa ya akili Arthur Sutherland na wenzake walianza kukaa na wagonjwa baada ya upasuaji na kuwasikiliza kwa kirefu. Mwaka 1952 walichapisha matokeo ya mazungumzo na watu waliokatwa utumbo kwa saratani na kutobolewa tundu tumboni la kutolea haja. Kwa wapasuaji, hao walikuwa wamepona. Kwa wenyewe, maisha yalikuwa yamesinyaa. Wapo waliotumia saa nyingi kwa siku kujisafisha, walioacha kwenda kanisani na kwenye sherehe, walioacha kulala chumba kimoja na wenzi wao. Walikuwa wakiogopa harufu kuliko kifo. Miaka michache baadaye kundi hilo lilifanya kazi kama hiyo na wanawake waliokatwa titi, likakuta aibu na hofu ya kuachwa na mume, mambo ambayo wengi walikuwa hawajamwambia mtu yeyote.

Sutherland aliandika kwa ajili ya madaktari. Mwanamke aliyewafikia wagonjwa wenyewe hakuwa na shahada ya udaktari.

Terese Lasser alikatwa titi katika hospitali hiyohiyo ya Memorial mwaka 1952. Alipotoka kwenye nusukaputi alikuwa na maswali ya kawaida kabisa. Mkono huu nitauinuaje? Nivae nini nikitoka hapa? Mume wangu nimwambie nini, nami nijitazameje kwenye kioo? Hakuna aliyemjibu. Wapasuaji waliona maswali hayo hayawahusu, na wauguzi walikuwa wamefundishwa kumsubiri daktari aseme kwanza.

Alipopata nguvu, Lasser akaanza kuzunguka wodini. Alibeba vitu vitatu: titi la muda la kuwekwa ndani ya sidiria, mpira mdogo wa kuminya kwa kiganja, na kamba ya kuning'iniza mlangoni ili mwanamke auvute mkono wake juu kidogo kidogo kila siku. Alihakikisha amevaa nguo ya kumkaa vizuri. Alisimama mbele ya kitanda akamwacha mgonjwa amtazame na kujaribu kukisia ni upande upi uliokatwa. Kwa mwanamke aliyelala hapo akidhani maisha yake ya kike yamekwisha, mwili ule uliosimama mbele yake ulikuwa jibu ambalo hotuba ya mpasuaji isingeweza kulitoa.

Baadhi ya madaktari walichukia, na kuna hospitali zilizomfukuza. Aliendelea. Mpango wake, Reach to Recovery, ulichukuliwa na Chama cha Saratani cha Marekani mwaka 1969, na mwaka 1974 Francine Timothy akaupeleka Ulaya kuanzia Paris. Ulikuwa na mipaka yake: ulipoingia mikononi mwa chama, mtu wa kujitolea alihitaji idhini ya daktari ndipo amwone mgonjwa, na maswali mazito zaidi, ya kifo na ya ugonjwa kurudi, hayakupewa nafasi kubwa. Hata hivyo Lasser alikuwa amethibitisha jambo ambalo tafiti zilikuja kulikubali baadaye sana, kwamba mtu aliyekwisha kupita njia ile ana kitu cha kumpa anayeanza kuipita.

Miaka ya 1970 wanawake waligeukia utaratibu wenyewe wa hospitali. Wakati huo mwenye kivimbe kwenye titi alitia saini fomu, akapigwa nusukaputi, kipande cha kivimbe kikapelekwa maabara papo hapo. Kikionekana ni saratani, mpasuaji aliendelea kukata bila kumwamsha. Mwanamke aliingia chumbani bila kujua atatoka na nini, akajua alipozinduka na kujipapasa. Ni vigumu kubuni njia ya kuitesa akili zaidi kuliko hiyo, na ilifuatwa kwa miongo mingi kwa nia njema, ili kuokoa muda na kuepuka nusukaputi ya pili.

Rose Kushner, mwandishi wa habari wa Maryland, alipopata kivimbe mwaka 1974 alikataa. Alitaka achukuliwe kipande kwanza, aamke, apate majibu, kisha aamue. Mpasuaji mmoja baada ya mwingine alimkatalia hadi akampata aliyekubali. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, alifanyiwa upasuaji kwa utaratibu ule wa zamani na kuutangaza ugonjwa wake kwa jina lake. Barua zaidi ya 50,000 zilimiminika Ikulu, nyingi zikitoka kwa wanawake waliokuwa wamelibeba jambo hilo peke yao kwa miaka. Kushner aliendelea kuandika na kupiga kelele, akapewa kiti katika jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 1979, na jopo hilo likashauri kwamba kipimo na upasuaji vitenganishwe.

Mwaka huohuo wa 1979 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester walirudia maswali ya Oken kwa madaktari wengine. Safari hii 97 katika kila 100 walisema humwambia mgonjwa. Miaka 18 tu, na desturi ya karne nzima ilikuwa imepinduka! Dawa zilichangia, kwa kuwa watoto wenye saratani ya damu na vijana wenye saratani ya matezi walikuwa wameanza kupona, na ni rahisi kulitaja jina la ugonjwa ambao una tiba. Sheria za utafiti nazo zilidai ridhaa ya mgonjwa, na huwezi kuridhia kujaribiwa dawa ya ugonjwa usioujua. Lakini anayesimulia mageuzi haya bila kuwataja Lasser, Kushner na maelfu waliomwandikia Betty Ford anawanyima haki waliosukuma mlango kwa mabega yao.

Ukweli ulipoanza kusemwa, kukawa na tatizo jipya: umeshamwambia, sasa? Hapo ndipo alipoingia Jimmie Holland. Alizaliwa mwaka 1928 katika kijiji cha wakulima cha Nevada, jimbo la Texas, akasomea udaktari na kubobea katika magonjwa ya akili. Mumewe, James Holland, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa tibakemikali ya kuchanganya dawa iliyookoa watoto wenye saratani ya damu. Jimmie aliwasikiliza mumewe na wenzake wakizungumza kazi yao. Walirekodi chembe za damu, homa, kutapika, kila kitu cha mwilini. Akawauliza: na mmewauliza wanajisikiaje? Hawakuwa wamewauliza.

Mwaka 1977 alianzisha huduma ya magonjwa ya akili katika hospitali ya Memorial, ambayo tayari ilikuwa Memorial Sloan Kettering, akiwa na watu wachache sana. Kwanza ilibidi kujua ukubwa wa tatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1983, Holland akiwa mmoja wa waliouandika, uliwachunguza wagonjwa 215 katika vituo vitatu vya saratani vya Marekani. Asilimia 47 walikuwa na hali ya akili iliyofikia kiwango cha kupewa jina la ugonjwa. Katika hao, zaidi ya theluthi mbili walikuwa wakihangaika kuizoea hali mpya, wakiwa na huzuni na wasiwasi uliopita kiasi. Wenye sonona kali walikuwa takriban 13 katika kila 100 ya hao.

Takwimu hizo zilikuwa na habari mbili. Ya kwanza, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wakibeba mzigo huu mkubwa bila kuugua akili, na haikuwa sawa kuwachukulia wote kama wenye wazimu au wenye imani haba. Ya pili, waliobaki walikuwa wengi mno kuachwa. Mambo mengi yaliyokuwa yakiitwa “kawaida tu, ana saratani” yalikuwa na majina na tiba. Kukosa usingizi kwaweza kuletwa na dawa za steroidi. Uchovu wa tibakemikali hufanana na sonona, na usipotenganishwa nayo mgonjwa hupewa dawa isiyomfaa, au hunyimwa inayomfaa. Hofu ya ugonjwa kurudi hupanda kila tarehe ya kipimo inapokaribia, na huendelea miaka baada ya matibabu. Wengi huzama hasa siku tiba inapokwisha, ndugu wakiwa wanapiga vigelegele, kwa sababu kliniki iliyokuwa ikiwaona kila wiki sasa imewaambia warudi baada ya miezi mitatu.

Holland alianzisha chama cha kimataifa cha taaluma hii ya afya ya akili ya wagonjwa wa saratani mwaka 1984, akahariri kitabu kikuu cha kwanza cha mafunzo ya taaluma hiyo mwaka 1989, na akaendelea kuona wagonjwa karibu hadi alipofariki mwezi Desemba 2017. Kifaa kinachojulikana zaidi kutoka katika kundi lake ni karatasi yenye picha ya kipimajoto, kutoka 0 hadi 10. Ilijaribiwa kwanza kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume, watu wagumu kufungua kinywa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Mgonjwa anatia alama: wiki hii umetaabika kiasi gani? Pembeni kuna orodha ya mambo ya kuwekea tiki, kama nauli, nani atakaa na watoto, kazi, usingizi, imani. Akifika 4 au zaidi, mtu anakaa naye. Kufikia mwaka 2015 hospitali za saratani za Marekani zilizotaka ithibati ya tume inayohusika zilitakiwa ziwe na utaratibu wa kuwapima wagonjwa wote namna hii.

Taaluma changa hupotea njia, na hii ilipotea. Mwaka 1989 David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha utafiti wa wanawake 86 wenye saratani ya titi iliyosambaa. Waliokutana kila wiki katika vikundi vya mazungumzo waliishi, kwa wastani, takriban miezi 18 zaidi. Habari ilienea haraka. Tayari kulikuwa na utafiti wa Uingereza wa mwaka 1979 ulioonyesha kwamba wenye moyo wa kupigana huishi zaidi, na mbele ya umma yote mawili yaligeuka fundisho moja: ukiwa na mawazo mazuri utapona.

Fundisho hilo liliwaumiza watu. Mgonjwa ambaye saratani ilirudi alijiona amejiletea mwenyewe kwa kulia. Ndugu walimkataza kuzungumzia hofu, wakimwambia anajikosesha afya, na hivyo ukimya uliotolewa kwa mlango wa daktari ukarudi kwa dirisha la sebuleni. Holland aliupinga waziwazi udikteta huo wa mawazo mazuri. Sayansi nayo ikajisahihisha. Mwaka 1999 utafiti wa wanawake 578 huko Uingereza haukuona kwamba moyo wa kupigana unarefusha maisha. Mwaka 2001 jaribio kubwa la Kanada la wanawake 235 halikuona kwamba vikundi vinaongeza siku. Liliona kwamba vinapunguza taabu ya akili na maumivu, hasa kwa waliokuwa wametaabika zaidi mwanzoni. Spiegel mwenyewe alirudia kazi yake, na mwaka 2007 akachapisha kwamba kwa jumla matokeo ya awali hayakujirudia. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo taaluma ilipokomaa. Kupunguza mateso ya mtu aliye hai ni tiba, hata isipoongeza siku moja kwenye kalenda yake.

Afrika Mashariki iliifikia hadithi hii kwa njia nyingine, na njia hiyo inaanzia London. Cicely Saunders alikuwa muuguzi, akawa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kisha akasomea udaktari akiwa mtu mzima, akafuzu mwaka 1957. Mwaka 1948 alikuwa amemuuguza David Tasma, mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Poland, aliyekuwa akifa kwa saratani bila ndugu karibu. Walizungumza sana, na Tasma akamwachia pauni 500 za kuanzia nyumba ya watu kama yeye. Nyumba hiyo, St Christopher's, ilifunguliwa mwaka 1967. Saunders alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa saratani ni mamoja yenye pande nyingi: mwili, akili, mahusiano na roho, na ukigusa upande mmoja tu unaacha mengine yakiendelea kumla.

Barani Afrika wa kwanza kufuata njia hiyo walikuwa watu wa Harare, ambayo ilikuwa bado Salisbury. Island Hospice ilianzishwa huko mwaka 1979 na mama aliyefiwa na bintiye kwa saratani, na tangu mwanzo kuwahudumia waliofiwa kulikuwa sehemu kubwa ya kazi. Nairobi Hospice ilifuata mwaka 1990, jirani na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Huko alipitia Anne Merriman, daktari kutoka Liverpool, kabla hajavuka kwenda Kampala mwaka 1993 kuanzisha Hospice Africa Uganda akiwa na fedha za kuendeshea miezi michache.

Kampala haikuwa ngeni kwa saratani. Mwaka 1958 Denis Burkitt alikuwa ameueleza kutoka huko ugonjwa wa uvimbe wa taya za watoto unaoitwa kwa jina lake, na kituo cha kuutibu kilifunguliwa Mulago mwaka 1967, kwa ushirikiano wa Makerere na Wamarekani. Wageni walipoondoka mwaka 1972 katika utawala wa Idi Amin, Charles Olweny akabaki na uongozi, na taasisi ikaendelea kutibu katikati ya uhaba wa kila kitu. Lakini wagonjwa wengi wa Uganda walifika ugonjwa ukiwa umekomaa, au hawakufika kabisa. Walikuwa majumbani, wakipiga kelele usiku, na familia zikisikiliza.

Merriman alianza na mofini. Unga wake ulichanganywa na maji, ukatiwa rangi ili mgonjwa na mwuguzaji wasikosee nguvu ya dawa, ukagawiwa katika chupa za plastiki. Ilikuwa bei rahisi na mgonjwa aliinywa nyumbani kwake. Mtu anaweza kuuliza mofini ina uhusiano gani na afya ya akili. Jibu linapatikana kitandani. Mgonjwa ambaye mifupa inamuuma saa zote hana nafasi ya kusema kitu kingine. Maumivu yakitulia ndipo anapoanza kuzungumza, na anayozungumza ni ada za shule, shamba ambalo shemeji analimezea mate, mtoto aliye mbali ambaye hajui kwamba mama anaumwa, na swali la kama Mungu amekasirika.

Aliyekuwa ameketi pale kuyasikia, mara nyingi, alikuwa muuguzi. Uganda ilitambua kwamba kusubiri madaktari ni kuwasubiri watu ambao hawapo, na mwaka 2004 ikabadilisha kanuni zake ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa waweze kuandika mofini wenyewe. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa imefanya hivyo kabla yake. Mafunzo hayo, ya miezi tisa, yaliwafundisha vipimo vya dawa pamoja na namna ya kutoa habari mbaya na kukaa na familia. Watu husifu mageuzi hayo kwa sababu ya dawa. Yanastahili sifa pia kwa sababu yaliweka msikilizaji mwenye mamlaka ndani ya nyumba ya mgonjwa.

Miaka kumi baadaye Scotland ilitoa ushahidi ambao Kampala ingeuelewa mara moja. Watafiti waliwapima zaidi ya wagonjwa 21,000 wa kliniki za saratani na kukuta kwamba kati ya wenye sonona kali, karibu robo tatu hawakuwa wakipata tiba ya maana, katika nchi yenye huduma za afya bila malipo. Kisha wakawachukua watu 500 wenye saratani na sonona. Nusu waliendelea na huduma ya kawaida. Nusu walionwa na wauguzi wa saratani waliofundishwa kazi hiyo, hadi vikao kumi ndani ya miezi minne hivi, daktari wa akili akiwasimamia na dawa zikipangwa pamoja na daktari wa mgonjwa. Baada ya wiki 24, asilimia 62 ya waliohudumiwa na wauguzi walikuwa wamepata nafuu kubwa. Upande wa pili walikuwa asilimia 17. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Ni nadra katika saratani kuona tiba yoyote yenye tofauti kubwa namna hiyo.

Nairobi tayari kulikuwa na waliolianza jambo hili kwa mikono yao. Faraja Cancer Support Trust ilianzishwa mwaka 2010 na Shaira Adamali, aliyekuwa amepitia saratani ya titi, na wagonjwa hupata hapo ushauri nasaha bila malipo. Ni ukoo uleule wa Terese Lasser: aliyetibiwa anarudi kumtafuta anayetibiwa.

Dar es Salaam kuna jengo la Wajerumani kando ya bahari, lililofunguliwa kama hospitali mwaka 1897, ambalo tangu mwaka 1996 ni makao ya Taasisi ya Saratani Ocean Road. Saratani inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania ni ile ya mlango wa kizazi, na mionzi ya nje ya kuitibu huchukua wiki tano hivi, siku tano kwa wiki. Anayetoka Kigoma au Rukwa hawezi kwenda na kurudi. Anakaa mjini muda wote huo, mbali na watoto, akiwa na ugonjwa unaotoa damu na harufu, mume pengine ameshaanza kusema maneno. Kila siku ya kazi anapita mikononi mwa wauguzi na wataalamu wa mionzi walewale. Wiki tano hizo zinatosha vikao vitano vya kwanza, kimoja kila wiki, na muuguzi aliyefundishwa kama wale wa Scotland, na simu inaweza kubeba vitano vilivyobaki atakapokuwa amerudi nyumbani. Kinachohitajika ni chumba chenye mlango unaofungwa, msimamizi mmoja wa afya ya akili wa kuwaelekeza wauguzi, na kifungu katika bajeti kinachoihesabu saa hiyo kuwa sehemu ya matibabu, kama inavyohesabiwa dakika ya mashine.